Nusu ya Chungu, Nusu ya Rojo

3 Machi

Mwanangu, kitindamimba wangu, mpishi wa mahoteli,

Barua yako imefika. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo tumeshalizoea kama mgeni asiyeaga. Barua nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili mbele ya fundi cherehani, na mara ya tatu kwa sauti kubwa mlangoni, kwa sababu mama wa ghorofani alijifanya hakusikia vizuri. Alisikia. Nilimwona shingo inavyorefuka.

Basi hoteli nzima, yenye lifti na wahudumu wenye glavu, inataka kula samaki wa siki wa kwetu! Nilisema mimi. Ulipokuwa bado unakula majivu ya jiko nilisema, huyu mkono wake si wa kufulia tu. Baba yako, Mungu amrehemu, akacheka. Aje acheke sasa.

Unasema meneja wenu, huyo Madamu, ana nafasi moja tu ya kudumu jikoni, na kwamba wewe na mwenzako mnayemwita Mrefu mnaitazama nafasi hiyo hiyo. Samaki akipendwa kwenye karamu ya mwezi wa tano, nafasi ni yako. Asipopendwa, unafungasha. Mwanangu, mtoto wangu hafungashi. Wafungashe wao.

Sasa sikiliza, haya siwaambii watu. Chagua samaki mwenye magamba, mnene mgongoni, jicho linang'aa kama ana swali. Mkate vipande vinene, mpake chumvi, mwanike juani chini ya chandarua mpaka ngozi ikauke kama karatasi na nyama ibaki na unyevu wake. Mkaange upande wa ngozi kwanza, mafuta kidogo, na usimgeuze kabla hajajiachia mwenyewe. Samaki ukimlazimisha anakuachia ngozi kwenye kikaango na hasira mdomoni. Kisha mpange chunguni, mmwagie rojo la siki, funika, moto wa mkaa uliokwisha kuchoka. Usikoroge! Mwiko ukiingia humo mimi si mama yako. Shika chungu kwa masikio yake ukitikise kama unambembeleza mtoto, basi. Aliwe kesho yake.

Rojo lenyewe unalijua: siki, pilipili, vitunguu saumu, na vinginevyo. Weka kadiri mkono utakavyokutuma. Damu yako inajua.

Na mama yako mdogo wa mtaa wa pili usimwandikie habari hizi. Ana kijicho yule, atakutia nuksi.

Mimi mama yako mzazi, mama wa mpishi


15 Machi

Mama, shikamoo.

Nilicheka mpaka Mrefu akaniuliza nimepatwa na nini. Kisha nikapika, kicheko kikaisha.

Samaki ametoka kama ulivyosema. Ngozi ilijiachia, chungu nimekitikisa, mwiko nimeufungia kabatini. Lakini rojo, mama! Mara ya kwanza lilikata koo kama msumeno. Nikapunguza siki, likawa maji ya kuoshea vyombo. Nikajaribu tena, likajitenga, mafuta juu, siki chini, kama mke na mume wasiosemezana. Madamu alionja kwa ncha ya kijiko, akafuta midomo, akasema, "Cha hospitali kina nafuu." Wahudumu wakacheka. Mrefu hakucheka, alinisaidia kumwaga.

Nakueleza habari zake usije ukamchukia bure. Tuliingia hapa pamoja, tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu kwa sababu mimi naogopa kuanguka. Lugha yetu anaijua ya matusi tu, nimemfundisha mimi mwenyewe. Ana baba yake mgonjwa mjini hapa, hana mwingine wa kumwangalia. Tunajua wote wawili kwamba mmoja wetu ataondoka. Hatulizungumzi. Tunamenya vitunguu mgongo kwa mgongo, na siku hizi hata matusi yamepungua.

Na kuna jingine. Madamu anataka nimwandikie upishi wote kwenye karatasi, mwanzo hadi mwisho, ili hoteli zao zote zipike. Nimemwambia bado naujaribu.

Mama, "vinginevyo" ndivyo vipi? Nakumbuka chupa ya kijani dirishani kwetu, mdomo umefungwa kitambaa. Ulikuwa unachota humo kwa kijiko cha mbao. Ndani yake ulikuwa unatia nini?

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Huyo Madamu ulimi wake ni wa kuonjea au wa kubandikia stempu? Mtu anayefananisha chakula chetu na cha hospitali, basi siku zote alilishwa hospitali.

Chupa ya kijani siikumbuki. Nyumba hii zimepita chupa nyingi. Labda ilikuwa ya mafuta ya taa. Ulikuwa mdogo, na mtoto huota hata akiwa macho. Ongeza sukari kidogo. Au kitunguu. Na usipike ukiwa na wasiwasi, wasiwasi unaingia chunguni.

Ukitaka kumpa Madamu kitu, mpe historia, wenye hoteli wanaipenda, tena haiungui. Mwambie bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa Bwana Forodha enzi za wakoloni, katika ile nyumba nyeupe juu ya bandari yenye ngazi mbili, moja ya wenyewe na moja yetu. Siki walikuja nayo wao, kwa mapipa. Walikuwa wakisafiri bandari hadi bandari kukagua mizigo, wakataka samaki asiyeoza njiani, basi wakawa wanamchovya humo na kumla baridi, mweupe, mkali, kama watu wanaotumikia adhabu. Bibi alimtazama samaki yule akamhurumia. Akamwanika, akamkaanga, akamtia pilipili na saumu za jiko la uani. Bwana Forodha akalamba sahani mbele ya wageni! Yaliyobaki chunguni wapishi wakala kwa mkate, wakayabeba makwao, na leo kila nyumba ya pwani ile ina samaki wake wa siki na kila mama anasema wake ndiye wa kwanza. Wa kwanza ni wetu. Wengine wote ni wajukuu.

Jikaze. Watu hapa nimeshawaambia nafasi umepata. Fundi cherehani anakushonea aproni yenye mfuko. Usiniangushe.

Mama yako


1 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Najua wewe na mama hamsemezani, na najua sijakuandikia tangu tulipomzika bibi. Usiichome barua hii kabla ya kufika mstari wa tatu.

Kuna karamu hapa kazini mwezi wa tano. Natakiwa kupika samaki wa siki, na riziki yangu imening'inia hapo. Samaki ninaye. Rojo linanikataa. Nikifumba macho naiona chupa ya kijani dirishani kwetu, na mama anasema naota. Wewe unaikumbuka?

Binti wa dada yako


10 Aprili

Marahaba. Nimefika mstari wa tatu.

Hukuota. Chupa ni yangu. Nilikuwa nikiijaza huku, naivusha barabara mwenyewe, naiweka dirishani kwenu, kisha narudi na ile tupu. Wewe ulikuwa unanifungulia mlango huna meno ya mbele.

Mama yako atakuwa amekusimulia Bwana Forodha alivyolamba sahani. Hapo ndipo hadithi yake huishia siku zote. Mimi nitakuambia iliyobaki. Bwana yule alikuwa anahamisha watumishi kama mtu anavyohamisha viti. Mmoja bandari hii, mwingine bandari ile, mama huku, mtoto kule, na hakuna aliyeuliza. Bibi yetu alikuwa na mabinti wawili wanaoinukia. Akawaza. Akamfundisha mkubwa chungu: samaki, jua, mafuta, moto. Akamfundisha mdogo rojo. Mmoja akifundishwa, mwenzake anatolewa nje. Siku Bwana alipotaka kumpeleka mmoja bandari nyingine, bibi akainamisha kichwa: "Sawa, bwana. Ila samaki naye atakwenda nusu." Bwana akapiga hesabu, akawaacha. Hawakutenganishwa mpaka wakoloni walipofunga mizigo yao.

Ndiyo sababu ukoo wetu hauna mtu mwenye samaki mzima. Marehemu mama alikuwa wa chungu, akampa mama yako. Mdogo wake alikuwa wa rojo, akanipa mimi. Kwa hiyo mama yako hajakunyima upishi, mwanangu. Hawezi kukunyima asichokuwa nacho. Aliyekunyima ni mimi.

Siku ya mazishi ya bibi yako tulipika pamoja, chungu kile kikubwa. Wageni wakala, mmoja akauliza, "Mkono wa nani huu?" Mimi nimesimama mlangoni, pilipili bado iko kwenye kucha. Mama yako akasema, "Wangu." Mbele ya watu wote. Nikachukua chupa yangu nikavuka barabara. Tangu hapo haijarudi, na tangu hapo dada yangu hajapika samaki wa siki. Muulize mtu yeyote mtaani kama ameonja. Sifa ndizo zimebaki chunguni.

Wewe siwezi kukufundisha. Chungu unacho. Ukipata na rojo utakuwa mzima peke yako, na mzima peke yake ndiye anayeandikwa kwenye karatasi, akishaandikwa hana kazi tena. Binti sikujaliwa, rojo litaondoka na mimi, nimeshakubali. Kama mama yako anataka vingine, mlango wangu ni ule ule wa bluu. Sihitaji samahani, sina pa kuiweka. Aje tu aseme chupa ilikuwa ya nani.

Mama yako mdogo, wa rojo


18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimemwandikia mama mdogo, na amenijibu.

Sikuombi maelezo. Sitaki kujua nani alianza. Nakuomba uvuke barabara.

Madamu ameshaleta mpishi mwingine kumjaribu, kijana mwenye kofia ndefu kuliko uzoefu wake. Amechapisha na kadi za karamu: "Meza ya Bandari ya Zamani", na samaki wetu yupo katikati. Kila asubuhi ananiuliza, karatasi iko wapi. Jana aliniambia nikimwandikia upishi kamili kabla ya karamu, Mrefu ahamishiwe hoteli ya kaskazini na mimi nibaki. Alilisema Mrefu akiwa pale pale, anakwangua magamba. Mrefu hakuinua kichwa. Aliendelea kukwangua samaki aliyekwisha kukwanguliwa.

Mama, sina cha kumwandikia, na hata ningekuwa nacho sijui kama ningeandika. Ukikaa kimya nitaelewa, nitafungasha.

Mwanao


26 Aprili

Wewe!

Mimi nilikubeba, nikakuzaa wewe ukitanguliza miguu, halafu unaniandika kwa mdogo wangu? Umenivua nguo hadharani. Nimekaa na barua yako mpaka chai ikapoa, na mimi chai yangu haijawahi kupoa tangu nizaliwe.

Sivuki. Nizaliwe mimi kwanza, nimbebe mgongoni, nimfundishe kusuka nywele, halafu nikapige hodi kwake kama mwombaji? Ng'o! Hayo ya nani alisema nini siku ya msiba, msibani watu huchanganyikiwa. Mtu ameuliza mkono wa nani, mwiko ninao mimi, nitajibu nini? Na yeye mbona hakusema? Ana mdomo wa kusimulia wakoloni mpaka wafufuke, siku ile ukafungwa na nani?

Samaki ni wangu. Rojo bila samaki ni dawa ya kikohozi.

Mama wa ghorofani ameniuliza lini utatuma picha ukiwa na kofia ya mpishi mkuu. Nimemwambia picha iko njiani. Sasa hiyo nayo niifanyeje? Usiniandikie tena mpaka uone haya.

Leo nilipita mtaa wa pili kutafuta uzi. Ule mlango umebanduka rangi. Mtu hata hapaki mlango wake.

Hiyo hoteli yenu, kutoka mlango wa nyuma mpaka jikoni, ina ngazi nyingi? Nauliza tu. Na mnalo jiwe la kusagia la kweli, au mnatumia mashine? Nauliza tu.

Mama yako, kama bado


2 Mei

Mama,

Ngazi ni chache, na zina mkono wa kushikilia. Jiwe hatuna.

Mwanao


14 Mei

Mama, shikamoo sana.

Mama mdogo alifika siku mbili kabla ya karamu, mlango wa nyuma, jiwe la kusagia ndani ya kikapu limevishwa foronya. Mlinzi akamuuliza ana miadi na nani. Akamwambia, "Na siki." Akaingia.

Nilikimbia kumkumbatia, akanishika mabega akanitazama meno. Nikamuuliza, "Mama alisema?" Akajibu, "Alisema. Tena kwa sauti, mpaka watu wakafungua madirisha." Zaidi ya hapo hajaniambia, na wewe najua hutaniambia.

Kisha akauliza, "Yuko wapi huyo Mrefu?" Akamtazama kuanzia chini, safari ilikuwa ndefu. Akasema, "Huyu." Akamwingiza stoo, mimi akanifungia nje. Nilisema, mama mdogo, hamwelewani hata lugha. Akasema kupitia mlango, "Pua anayo?"

Mlango wa stoo una ufa, mama. Nilibaki pale na aproni yako mpya, na nafasi yangu ya kazi ilikuwa upande wa pili wa ule ufa. Ningeweka jicho tu, ningekuwa na karatasi ya Madamu kabla ya jioni. Nikageuka nikauegemea kwa mgongo. Nikasikia jiwe linasaga, nikamsikia Mrefu anapiga chafya, kisha anatukana kwa lugha yetu, kisha mama mdogo anacheka kama msichana.

Mrefu alipotoka, macho yalikuwa mekundu na mikono imembadilika rangi. Akanishikia bakuli. Mimi nikakaanga, yeye akamwagia, mimi nikatikisa. Harufu ilipopanda nilirudi dirishani kwetu, sina meno ya mbele.

Sahani za karamu zilirudi zimefutwa kwa mkate. Madamu akaja jikoni na karatasi na kalamu. "Andika." Nikaandika, sikumdanganya: samaki, jua, ngozi kwanza, moto uliochoka. Nilipofika kwenye rojo nikaweka kalamu chini. "Endelea." Nikasema, "Silijui. Hilo analo Mrefu." Akamgeukia Mrefu. Mrefu akamjibu kwa yale maneno yetu niliyomfundisha. Bahati nzuri Madamu hayajui.

Nikasema, "Madamu, samaki huyu ni wa watu wawili. Ukimhamisha mmoja, kaskazini hawampati na hapa hawampati." Alitutazama kama mtu aliyeumwa na kiti chake mwenyewe. Yule kijana akavua kofia. Mwisho Madamu akasema tubaki wote wawili mpaka mwisho wa mwaka, kisha ataona. Ya kudumu hakutoa, mama. Umewaambia watu nafasi nimepata. Waambie nusu.

Mama mdogo anarudi kwa basi la Jumamosi. Mpokee, kikapu ni kizito.

Mwanao, wa chungu


23 Mei

Mwanangu, kitindamimba wangu, uliyemshinda Madamu,

Niwaambie nusu? Nusu yetu ni kubwa kuliko nzima ya watu! Nimewaambia hoteli ilikuwa na nafasi moja, mtoto wangu akaipasua kwa mkono ikawa mbili. Fundi cherehani amesema hajawahi kusikia. Nikamwambia ndiyo, hungesikia, mambo haya ni ya ukoo wetu.

Mama yako mdogo nimempokea. Kikapu nimekibeba mimi, na goti hili hili, yeye anatembea mbele mikono mitupu kama mke wa balozi. Njia nzima ananisimulia Mrefu anavyosaga. Eti mkono wake ni mzuri kuliko wa mtu fulani. Sikuuliza mtu gani. Huyo Mrefu mwambie baba yake akipata nafuu waje wote, kitanda kipo, arefushe miguu mlangoni.

Chupa ya kijani iko dirishani. Kitambaa nimekishona upya.

Jumapili nikapika. Nimeshasahau mara ya mwisho ilikuwa lini, wala usinikumbushe. Nikawaita watu, walijaa mpaka kwenye ngazi. Wakala kimya, na wewe unajua mtaa huu haunyamazi. Mama wa ghorofani akafuta sahani kwa mkate, akauliza mbele ya wote, "Jamani, mkono wa nani huu?"

Nikainua macho. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, pale pale, pilipili kwenye kucha. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikasema, "Wetu."

Mama yako mdogo akasema, "Sema tena, dada, sikusikia vizuri."

Alisikia. Nilimwona shingo inavyorefuka.

Mama yako, wa chungu

na wa rojo, nimeandika mwenyewe, dada amekwenda kufunika samaki